Saa Saba Pale Skeleton Point: Uchambuzi wa Kisa cha Siku Moja ya Baridi Katika Grand Canyon

Kisa hiki kilitokea katika wiki ya mwisho ya Desemba, kwenye njia ya South Kaibab, upande wa kusini wa hifadhi ya korongo la Grand Canyon, jimbo la Arizona, Marekani. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Arusha. Hakuna aliyevunjika wala kulazwa. Hata hivyo tulifika ukingoni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, dakika hamsini baada ya jua kuzama, tukitembea juu ya barafu kwa mwanga wa tochi mbili, na shemeji akiwa amekwisha kuonyesha dalili za mwanzo za haipothemia, yaani hali ya mwili kupoteza joto haraka kuliko unavyolizalisha. Kwa kuwa sote tulitoka salama, tungeweza kuiita siku ile safari ngumu na kuisahau. Nimeona niiandike kwa ukamilifu kwa sababu kila nikiirudia akilini naona kwamba hali ya hewa haikutukosea chochote. Kilichotuponza ni uamuzi tulioufanya mahali ambapo jua lilikuwa la kupendeza kuliko mahali pengine popote siku ile.

Kwanza ni lazima nieleze umbile la mahali penyewe, maana bila hilo kisa hakieleweki. Ukingo wa kusini wa korongo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wa misonobari, na wakati wa kipupwe hufunikwa na theluji. Chini kabisa, kando ya Mto Colorado, ni jangwa. Kutoka mwanzo wa njia ya South Kaibab, ulio kwenye mita 2,213, hadi mtoni ni mteremko wa karibu mita 1,460, na kwa kila mita 100 unazoshuka hewa huongezeka joto kwa takribani nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo mtu anayeanza asubuhi akiwa amevaa mzula, glavu na koti zito hujikuta baada ya mwendo wa saa moja akivua kimoja baada ya kingine na kuvitia begini, akiamini kwamba baridi ameiacha nyuma. Kumbe baridi inamsubiri palepale alipoiacha, na atarudi kwake jioni, akiwa amechoka na nguo zikiwa zimelowa jasho.

Barafu nayo ina sababu yake. Ukuta ulio chini ya ukingo wa kusini unatazama kaskazini, na katika latitudo ya nyuzi 36 jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba halipandi zaidi ya nyuzi 31 hivi juu ya upeo wa macho. Sehemu ya juu ya njia, ile inayoteremka kwa zigizaga chini ya mwamba mweupe wa chokaa, hukaa kivulini kwa muda mrefu wakati huo wa mwaka. Theluji inayoanguka pale hushindiliwa na buti za watembezi na kwato za baghala wanaobeba mizigo na wageni, mpaka inakuwa barafu ngumu yenye kung'aa. (Nasema baghala, mtoto wa punda na farasi, kwa sababu wengi wetu tukisikia nyumbu mawazo hukimbilia Serengeti.) Ukishapita zigizaga hizo, njia hutokea kwenye mgongo wa mwamba ulio wazi, ambako jua hupiga na barafu huisha, na badala yake unakanyaga tope jekundu linalonata.

Kwamba njia hii inapita juu ya mgongo ulio wazi pia si jambo la bahati nasibu. Ilichongwa kati ya mwaka 1924 na 1925 na idara ya hifadhi za taifa, wakati njia kongwe ya Bright Angel ilipokuwa bado haiko mikononi mwa idara hiyo na wapitaji wake wakitozwa ada. Bright Angel inafuata ufa wa asili ambamo kuna chemchemi na vivuli. South Kaibab ilitafutiwa mahali pengine, na ikawa fupi zaidi, ya kasi zaidi, yenye mandhari pana, lakini haina tone la maji kutoka juu hadi mtoni. Simu ya dharura iko pale panapoitwa Tipoff, chini zaidi ya mahali tulipofika. Anayetembea kwa siku moja bila kulala haombi kibali, wala hakuna anayeandika jina lake anaposhuka. Kwa mtu aliyezoea Kilimanjaro, ambako sheria inakutaka uwe na mwongozaji mwenye leseni na jioni lazima mtu akuulize umekula nini, huo ni uhuru mkubwa, na nadhani wageni wengi hawautambui uzito wake.

Shemeji yangu alikuwa amepanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, miaka miwili kabla ya siku hii. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Lakini mlima ulikuwa umemfundisha mambo mawili ambayo korongo huyageuza kichwa chini miguu juu. La kwanza ni kwamba sehemu ngumu huja mwanzoni, na ukichoka unageuka na mteremko wenyewe unakusaidia kurudi. La pili ni kwamba baridi huongezeka kadiri unavyokwenda mbele, kwa hiyo mwili wenyewe hukuonya kwamba unaelekea mahali pa hatari. Katika korongo kila hatua ya mbele ni rahisi na ina joto zaidi kuliko iliyotangulia, na kila hatua ya kurudi ni ngumu na ina baridi zaidi. Mtu wa mlimani anapojisikia vizuri ana haki ya kuendelea. Hapa kujisikia vizuri hakumwambii mtu lolote kuhusu saa tatu zijazo.

Mpango wetu ulikuwa kuanza saa mbili na nusu asubuhi, kwenda Cedar Ridge, kilomita 2.4 kutoka juu na mita 340 chini ya ukingo, na kugeuka saa sita kamili hata kama tungekuwa bado hatujafika tulipokusudia. Tulichelewa kwa mambo ya kawaida kabisa: chai, kukodi njumu za barafu, yaani ile raba yenye vijimeno vya chuma inayovishwa juu ya buti, na kusubiri basi la hifadhi, kwa kuwa magari binafsi hayaruhusiwi kufika mwanzo wa njia hiyo. Tulianza kushuka saa nne na nusu. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na nalihesabu kuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji na niliyeijua njia. Tulipoteza saa mbili upande wa asubuhi, na hakuna aliyesema ni wapi tutazipunguza. Saa ya kugeuka ilibaki ileile kwa maneno, lakini nyoyoni mwetu tulikwisha kuisogeza mbele ili siku isionekane imepungua.

Tulifika Cedar Ridge saa tano na dakika arobaini. Zigizaga za barafu tulizipita vizuri tukiwa na njumu, na tulipofika kwenye tope tulizivua, kwa kuwa udongo ule mwekundu hujaza meno mpaka yasifae kitu. Mimi na mke wangu tulizitia ndani ya mabegi. Shemeji alizining'iniza nje ya lake ili zikauke. Cedar Ridge ni uwanda mdogo wa mwamba mwekundu wenye miti michache mifupi na vyoo vya shimo. Jua lilikuwa limetanda, upepo haukuwepo, na tulikaa kwenye mawe tukiwa na mashati tu. Tulikula kashata na tende. Mto hauonekani kutoka pale. Mtu anayeshuka South Kaibab anauona Colorado kwa mara ya kwanza anapofika Skeleton Point, kilomita nyingine 2.4 mbele, mita 620 chini ya ukingo, na shemeji alikuwa amesoma hivyo kabla hajaondoka nyumbani.

"Shemeji," aliniambia, "ndiyo kwanza saa sita. Tukishuka kidogo tu tutauona mto, kisha turudi taratibu. Mwanga upo tele."

Nimeitafakari sentensi hiyo mara nyingi. Haikuwa na uzembe ndani yake. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia karibu na ikweta, saa sita mchana ni katikati ya siku kwa maana halisi: saa zetu tunazihesabu kutoka macheo, na saa sita ikifika tunajua zimebaki saa sita nyingine, na kidogo zaidi. Arusha mwishoni mwa Desemba jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Katika Grand Canyon, wiki hiyohiyo, jua huchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na ndani ya korongo kivuli cha kuta hukufikia mapema zaidi. Shemeji alikuwa anaisoma saa yake kwa usahihi, huku mwili wake ukiitafsiri kwa siku ya nyumbani. Mimi nilijua jua linazama saa ngapi, nilikuwa nimeliangalia jana yake usiku. Sikulisema.

Kwa nini sikulisema? Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki, nami naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kidogo. Mgeni amesafiri karibu nusu ya dunia. Ni ndugu wa mke wangu, na kati yetu kuna utani na pia kuna heshima, na katika malezi yetu mwenyeji hamkatalii shemeji yake jambo dogo la furaha mbele ya dada yake. Mke wangu, kwa upande wake, alinitazama mimi akisubiri niseme, kwa kuwa njia niliijua mimi. Nilitazama ule uso uliojaa hamu nikasema, "Haya, twende, ila tusikawie." Kila mmoja wetu alikuwa anamtunza mwenzake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa anaitunza saa. Laiti mmoja wetu angekuwa mgeni kwa wenzake, kwa mfano mwongozaji wa kulipwa, saa sita ingesemwa kwa sauti na tungegeuka.

Sitaki kuonyesha kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kichaa, kwa sababu haukuwa hivyo, na uchambuzi unaomhukumu mtu kwa matokeo peke yake haufundishi kitu. Hifadhi yenyewe inakadiria kwamba kwenda Skeleton Point na kurudi huchukua saa nne hadi sita. Tukihesabu saa sita kutoka saa nne na nusu, tungefika juu saa kumi na nusu, tukiwa na dakika hamsini za mwanga. Karatasini ilitosha. Lakini dakika hamsini ndizo zilizokuwa akiba yetu yote, na tulianza kuzitumia palepale. Kushuka kulituchukua muda zaidi kwa ajili ya picha, tukafika saa saba kasoro dakika tano. Mto ulionekana, uzi wa kijani kibichi ndani kabisa ya miamba myeusi, na hakuna aliyetaka kuuacha. Tulikaa dakika thelathini na tano. Kuna kanuni inayorudiwa sana pale, kwamba theluthi moja ya muda ni ya kushuka na theluthi mbili ni za kupanda. Sisi tulikuwa tumetumia saa mbili na dakika ishirini na tano kushuka. Mtu yeyote angeweza kuzidisha kwa mbili pale Skeleton Point na kuona kwamba giza lingetukuta njiani. Tulianza kupanda saa saba na nusu.

Shemeji alikuwa amevaa fulana ya pamba. Pamba inatufaa sana Pwani na hata Arusha, lakini ikilowa jasho hushika maji na kuyaweka juu ya ngozi, na mwili hutumia joto lake kuyakausha. Katika jua la saa saba hakuna aliyeliona hilo kama tatizo. Alikuwa pia ameacha kunywa maji, kwa kuwa yalikuwa baridi na hakuhisi kiu, ingawa hewa kavu ya jangwa humnyang'anya mtu maji hata wakati wa kipupwe bila yeye kuona jasho likitiririka. Chakula alikikataa tangu Skeleton Point. Baada ya saa moja hivi ya kupanda alikuwa wa mwisho katika mstari, yeye aliyekuwa akituongoza asubuhi. Njia ilikuwa imeingia kivulini na upepo ulikuwa umeanza kuvuma juu ya mgongo wa mwamba.

Tulifika tena Cedar Ridge saa tisa na nusu. Aliyetambua alikuwa mke wangu. "Mwangalie mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Namuuliza anaendeleaje, ananijibu neno mojamoja." Nilipomtazama vizuri niliona anatetemeka, vidole vinashindwa kufungua zipu ya begi lake, na alikuwa amejikwaa mara mbili mahali pasipo na jiwe. Alipoulizwa alisema yuko sawa. Jibu hilo halipaswi kupewa uzito, kwa kuwa akili ni miongoni mwa vitu vinavyoathirika mapema mwili unapopoa, na anayepoa huwa shahidi asiyetegemewa wa hali yake mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kuendelea bila kusimama ili tuifikie barafu kukiwa bado na mwanga, au tungeweza kusimama na kumpasha joto, tukijua kwamba tutaifikia barafu gizani. Zilikuwa zimebaki kilomita 2.4, mita 340 za kupanda, na chini ya saa mbili za mwanga. Tulisimama. Tulikaa nyuma ya ukuta wa vyoo ambako upepo haukufika, akavua fulana ya pamba, nikampa shati langu la akiba la sufu, koti, mzula na glavu kavu. Tulimnywesha chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kutoka chupa ya chai na tukamlazimisha kula kashata, kipande kwa kipande. Kutetemeka hakukuisha mara moja, lakini baada ya dakika kama kumi na tano alianza kulalamika kwamba chai ilikuwa na tangawizi kupita kiasi, na hapo mke wangu akanitazama, nami nikajua kwamba anarudi. Kusimama kule kulituchukua dakika ishirini na tano za mwanga. Katika siku nzima ile, huo ndio uamuzi ambao nisingeubadilisha. Mtu aliyeshiba na kupata joto anaweza kutembea gizani kwa uangalifu, lakini anayetetemeka na kujikwaa hawezi kuaminiwa juu ya barafu hata jua likiwa utosini, kwani upande mmoja wa njia ile ni ukuta na upande wa pili ni hewa tupu.

Tulipofika kwenye barafu tuligundua kwamba njumu moja ya shemeji ilikuwa imedondoka mahali fulani huko chini, kutoka nje ya begi. Tulikuwa na njumu tano kwa miguu sita. Nilimpa shemeji jozi yangu nzima, mke wangu akabaki na yake, nami nikavaa ile moja iliyosalia kwenye mguu wa upande wa bonde, nikaushika ukuta kwa mkono na fimbo kwa mkono mwingine. Tochi za kichwani zilikuwa mbili: mke wangu alitangulia na moja, mimi nikawa nyuma na nyingine, na shemeji katikati akitembea katika mwanga wa wote wawili. Hatukuwa na haraka tena. Tulisimama katika kila kona, tukasikilizana pumzi, tukamwomba atusimulie habari za nyumbani, tukizipima sentensi zake kama zina mwanzo na mwisho. Saa kumi na mbili na dakika kumi tulikanyaga ardhi tambarare. Basi lilikuja muda mfupi baadaye, na dereva alipotuona aliongeza joto la gari bila kuuliza neno.

Usiku ule, baada ya supu na usingizi wa kwanza, tulizungumza watatu. Shemeji hakutaka nijilaumu peke yangu, nami sikutaka yeye ajilaumu hata kidogo. Kisha nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa saa tano na dakika arobaini pale Cedar Ridge: alitaka nini hasa kule chini? Hakuwa na haja ya Skeleton Point, jina alilisahau hata usiku uleule. Alitaka kuuona Mto Colorado kwa macho yake ili amsimulie baba yao, ambaye zamani alifundisha jiografia.

Kesho yake asubuhi tulipanda gari tukaelekea mashariki kwa barabara ya ukingoni, karibu kilomita 40, hadi Desert View, kwenye mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1932. Pale mto unaonekana kutoka juu, bila kushuka hata ngazi moja ya korongo, ukipinda taratibu katika bonde lililo wazi. Nilikuwa nimefika pale mara tatu kabla ya siku ile. Shemeji alisimama kwenye ukuta mdogo wa mawe akiwa amevaa shati langu la sufu, akampigia baba yao simu ya video, na akageuza kamera kuelekea majini.